Tangi Limejaa, Nilimwambia Shemeji Yangu

Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Naishi Migori. Nina visiagi viwili vya kusaga posho, duka, nyumba ya matofali, mke mmoja na watoto sita. Hakuna mtu aliyenipa hata kimoja kati ya hivyo. Shule niliacha darasa la tatu, baba alipougua, nikaanza kubeba magunia ya watu sokoni.

Nawaambia haya, wasomaji wenzangu, ili mjue ni mtu wa namna gani anayezungumza nanyi. Mkono wangu hauwezi kuandika kurasa nyingi. Kwa hiyo mimi nasema, na mtu wa nyumbani kwangu ananiandikia.

Nyumbani kwangu hakuna taa ya mafuta. Stima ikipotea tunawasha mshumaa. Wageni hufikiri ni maringo ya mtu aliyepata mali. Wacha wafikiri! Ukweli ni kwamba nikinusa mafuta ya taa, hata kwenye nguo ya mtu aliyenipita sokoni, namsikia dada yangu akiniita kutoka kiti cha nyuma.

Dada yangu aliitwa Akinyi. Alikuwa kitinda mimba wetu. Mama alipokufa alikuwa bado ananyonya, na ni mimi niliyemlea kwa uji wa kisiagi changu cha kwanza. Kwa hiyo alikuwa dada, na alikuwa kama mtoto wangu.

Aliolewa na fundi wa magari, mtu wa Ndhiwa, jina lake Ochola. Mtu mpole, mrefu, mwenye mikono ambayo haikuwahi kutakata grisi. Gereji yake ilikuwa hapa Migori, chini ya mabati matatu. Kwa Kijaluo shemeji ni ora, na ndivyo tulivyoitana, yeye Ora na mimi Ora. Na wanaotujua wanajua kwamba kwetu mtu humheshimu sana ndugu ya mkewe. Hamjibu vibaya. Hamsahihishi mbele ya watu. Heshima hiyo ni nzuri... lakini ikimwangukia mtu mwenye kiburi kama mimi, inaweza kuua. Mtaona.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilinunua gari. Si gari la kawaida! Lilikuwa gari la Kifaransa, refu nyuma, la rangi ya maziwa, lililotengenezwa miaka ya sitini. Mzungu mmoja wa mambo ya tumbaku alikuwa akirudi kwao akaniuzia. Viti vya ngozi nyekundu. Gia kwenye usukani. Migori nzima halikuwako lingine. Lilipopita, wazee walisimama, na watoto walikimbia kando wakijitazama kwenye ubavu wake kama kioo.

Injini yake ilikuwa imechoka. Nikampelekea Ochola. Alikaa nayo miezi miwili. Aliifungua yote, akaipanga kwenye magunia kama mtu anayepanga samaki, akaosha kila kipande, akanunua pistoni Kisumu. Hakutaka malipo. Alisema ndugu ya mkewe hawezi kumlipa kwa kazi ya mikono yake.

Siku ya kunikabidhi alinisimamisha kando ya gari, akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno.

"Ora, huyu mzee nimemfungua mpaka mwisho. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nimeikata kidogo, sasa ana nguvu kuliko alipotoka kiwandani. Lakini anataka petroli ya supa. Si regula, si ile ya mpakani. Supa tupu. Ukimnyima atakuambia mwenyewe."

Nikamuuliza ataniambiaje. Akaokota kokoto tatu, akazitia kwenye kopo la maziwa, akalitikisa karibu na sikio langu. Kwa-kwa-kwa-kwa.

"Atagonga hivi. Ukisikia hii, simama."

Nilicheka. Nikawasha gari. Lilinguruma kama paka aliyeshiba. Kwa karibu mwaka mmoja nilifanya alivyosema. Nilijaza supa, na lile gari lilinipeleka Kisii, Oyugis, Homa Bay, halikunisumbua hata siku moja. Lilibeba maharusi, na wazee waliokwenda kuposa. Nilijiona mtu!

Halafu bei ya petroli ikapanda. Ikapanda tena. Kila wiki ilikuwa bei mpya.

Sikilizeni, sikuwa nimeshindwa kununua. Hilo nataka lieleweke. Mimi sikuwa maskini. Tatizo langu lilikuwa lingine kabisa: sikupenda kuonekana mjinga. Nilikuwa nimepata mali kwa kutafuta njia ambayo wengine hawakuiona, na nilijisemea kwamba hata hapa njia ipo.

Na njia nilikuwa nayo dukani kwangu. Pipa la mafuta ya taa.

Wenye visiagi watanielewa. Kisiagi ni mashine ya dizeli, na mashine ya dizeli haichagui sana. Miaka mingi, dizeli ikiwa ghali, nilikuwa nikiichanganya na mafuta ya taa, na mashine ilisaga tu. Unga ulitoka mweupe, watu wakala, hakuna aliyelalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya injini. Nikajisemea: injini ni injini. Kama ile inakunywa, hii itakosaje kunywa?

Basi nikaanza. Kwanza nilitafuta petroli ya magendo kutoka mpakani Isebania, ya jerikeni, iliyokuwa nyepesi na ya rangi nisiyoijua. Kisha nikaongeza mafuta ya taa, robo tu. Gari likaenda. Nikafurahi! Nikaongeza. Mwishowe ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Nilichanganya mwenyewe nyuma ya duka, kwa mikono yangu hii, na sikumwambia mtu. Hata mke wangu.

Asubuhi gari likawa gumu kuwaka. Moshi ukawa mwingi. Na kwenye mlima, nikikanyaga, likaanza...

Kwa-kwa-kwa-kwa.

Nililisikia. Siwezi kusema sikulisikia. Niliongeza sauti ya redio.

Siku moja nilisimamisha gari mbele ya bucha, wanaume wamejaa pale wakingoja nyama. Mmoja akaniuliza, "Baba Posho, hiyo gari yako inatafuna njugu?" Wakacheka. Ochola alikuwa kati yao. Hakucheka. Alinifuata mpaka dirishani, akainama, akasema kwa sauti ndogo.

"Ora, inagonga. Umeweka nini?"

Angeniuliza tukiwa wawili labda ningemwambia. Sijui. Lakini watu walikuwa wakitazama, na mimi si mtu aliyezoea kuulizwa. Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya bucha.

"Ulisema supa, nimeweka supa. Wewe Ora ulioa dada kwetu, hukuoa gari. Shika spana zako."

Bucha nzima ililipuka kwa kicheko. Ochola akatabasamu, akasema, "Sawa, Ora," akarudi kwenye foleni. Hakuniuliza tena.

Laiti ningejua kwamba siku ile, kwa maneno yale machache, nilikuwa nimemfunga mdomo mtu pekee ambaye angetuokoa!

Sasa niwaeleze kuhusu Akinyi.

Mtoto wake wa kwanza, msichana, Atieno, alizaliwa kwa kupasuliwa katika hospitali huko Homa Bay. Baada ya hapo mimba zikawa zinaharibika. Miaka kumi alingoja! Miaka hiyo yote Ochola hakuoa mwingine, ingawa ndugu zake walimsukuma. Halafu mimba moja ikashika. Ikafika miezi minne, ikafika sita. Akinyi alitembea kama amebeba mayai kichwani. Alifuma kofia ndogo ya manjano kwa sababu hakujua ni mvulana au msichana.

Daktari wa Homa Bay aliyempasua mara ya kwanza alimwambia wazi: uchungu usikukute mbali. Njoo mapema, tutakupasua tena. Akinyi akataka kwenda kukaa kwa shangazi yetu kule Homa Bay mwezi wa mwisho, angoje karibu na hospitali.

Ni mimi niliyekataa. Mimi! Nilimwambia atateseka bure kwenye nyumba ya watu, na gari la kaka yake limelala hapa. Nilimwambia, siku yoyote utakayosema, kabla jua halijawa kali utakuwa mikononi mwa daktari. Alinishukuru. Alifunga vitu vyake kwenye kikapu, yeye, Ochola na Atieno wakahamia nyumbani kwangu wangoje siku.

Uchungu ulimwanza asubuhi, wiki mbili kabla ya siku waliyompa. Tulikuwa tunakunywa chai. Alishika meza, akaninong'oneza kwamba ameanza.

Nilitoka kuwasha gari. Halikuwaka. Nilijaribu mara ya pili, ya tatu... Ochola alikuja na kikapu, akasimama nyuma ya gari, karibu na mdomo wa tangi. Lilipowaka hatimaye, moshi ulimfunika. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa amesimama tu ndani ya ule moshi, hasogei.

Atieno alitupungia mkono getini akiwa na sare ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ukitoka kwangu kwenda njia ya Rongo unapita kituo cha petroli. Tulipokaribia, Ochola, aliyekuwa nyuma amempakata mkewe, alisema polepole sana, kwa adabu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa nyumba ya wageni.

"Ora, tuongeze supa kidogo hapo?"

Dakika ile naiona kila siku ya maisha yangu. Mhudumu wa kituo alikuwa amesimama, kitambaa begani, ananitazama. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, Ora, nimekosea, tumwage haya mafuta tuweke mengine. Au tuache gari hapa tutafute lingine, wakati bado tuko mjini! Lakini ningesimama, angejua. Angejua kwamba pale bucha nilidanganya.

Nikasema, "Tangi limejaa."

Na lilikuwa limejaa kweli. Nilikuwa nimelijaza mwenyewe jana yake.

Tulipita Awendo vizuri. Tulipita Rongo, tukakata kona ya kwenda Homa Bay. Hapo Akinyi alianza kulia. Si kulia kwa kelele, alikuwa anauma kanga yake. Kila alipoguna, mimi nilikanyaga mafuta. Kila nilipokanyaga, injini iligonga. Kwa-kwa-kwa-kwa! Redio niliizima. Haikuwa na maana tena. Sote watatu tulikuwa tunasikia.

Akinyi akajaribu kunitania, kama alivyozoea. "Ndugu yangu, gari lako linaugua pamoja na mimi." Nikamwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia.

Kwenye mlima, kabla ya kufika Rodi Kopany, kitu kilipasuka ndani ya injini. Sauti kama ya mtu aliyepiga sufuria kwa nyundo. Moshi wa buluu ukajaa barabara. Gari likatetemeka, likasukuma mara mbili, tatu... likanyamaza.

Ochola alishuka akafungua boneti. Sijawahi kuona mikono ikifanya kazi kwa kasi ile. Alifungua plagi ya kuwashia injini kwa spana na kitambaa, ilikuwa ya moto hata ngozi ya vidole ikabaki juu yake. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliitazama kwa muda mrefu. Kwenye ncha yake kulikuwa na vitone vya chuma kilichoyeyuka. Ilikuwa ni pistoni. Pistoni ilikuwa imetoboka. Akaileta plagi ile puani. Kisha akaitia mfukoni, akaja akasema, "Haitaenda."

Hayo tu. Haitaenda.

Jua lilikuwa limewaka. Barabara ilikuwa tupu. Lilipita basi likitoka Homa Bay, limejaa, halikusimama. Akapita mtu na baiskeli, akashuka, akatusaidia kumtoa Akinyi na kumlaza kwenye kivuli kidogo cha ua wa mkonge. Wanawake wawili waliokuwa wakipalilia walikuja wakamzunguka na kanga zao. Mmoja alinitazama akatikisa kichwa.

Tulingoja mpaka vivuli vikawa vifupi kabisa. Tulingoja tena mpaka vikaanza kurefuka upande wa pili. Ndipo likaja lori la mchanga. Tulimpandisha juu ya mchanga. Alikuwa bado ananijua. Alinishika mkono akasema, "Usimkasirikie Ochola. Si kosa lake gari kuharibika."

Wasomaji wenzangu! Mnasikia? Alidhani nitamlaumu mumewe. Dada yangu alinijua vizuri kuliko nilivyojijua mwenyewe...

Tulipofika mahali ambapo ziwa linaonekana chini, likimeta, Ochola alimwambia, "Akinyi, ona, tumefika." Hakujibu. Yeye na mtoto aliyekuwa tumboni, wote wawili.

Nilirudi Migori, nikalifuata gari na trekta la kuvuta. Na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata sijanyoa nywele za msiba, nilinyonya mafuta yote kutoka tangini kwa mpira. Nikayamwaga kwenye kisiagi, kidogo kidogo ndani ya dizeli. Mashine ikanguruma vizuri tu. Watu wakaleta mahindi yao, wakaondoka na unga. Ushahidi wote ukaisha kwa siku mbili.

Akinyi alizikwa Ndhiwa, kwa mumewe. Sisi watu wa kwao tulienda wengi, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzungumza kwa niaba ya familia. Nilisimama kando ya jeneza. Watu wote walikuwa wakingoja waambiwe kilichotokea. Kwetu kifo cha mwanamke wa umri ule hakipiti hivi hivi. Lazima kuwe na aliyekosea.

Nilifungua mdomo. Naapa kwamba nilipoufungua sikujua nitasema nini. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Dada yangu hakuuawa na Mungu. Ameuawa na spana. Gari langu lilitengenezwa na mume wake mwenyewe."

Kelele zilizofuata sitazieleza. Shangazi zangu walimrukia Ochola. Ndugu zake walimzunguka wamkinge. Yeye alisimama na kofia yake mkononi, akanitazama. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu! Aliinamisha kichwa.

Na mtoto wake Atieno alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika ile kofia ya manjano. Alisikia kila neno.

Habari ilifika Migori kabla yangu. Fundi aliyemuua mke wake. Nani angempelekea gari? Hakuna aliyempelekea hata baiskeli. Ndani ya miezi mitatu alikuwa ameuza spana zake, akang'oa mabati yake matatu, akarudi Ndhiwa kulima mtama.

Atieno nilimchukua mimi. Watu walinisifu! Walisema, tazameni mzee mwenye roho. Nilimsomesha mpaka akamaliza kidato cha nne. Kila likizo nilimwuliza kama anataka kwenda kumwona baba yake, na kila likizo alisema hapana. Siku moja, Atieno akiwa na miaka kumi na minne, Ochola alikuja kwa miguu kutoka stendi na kuku wawili na gunia la njugu. Atieno alimwona kupitia dirisha. Aliingia chumbani akafunga mlango kwa ndani. Ochola alikaa sebuleni kwangu saa nzima, akanywa chai, akaaga. Aliacha kuku.

Nami nilikaa hapo, mkabala naye, nikinywa chai ile ile. Ningeweza kusema sentensi moja tu...

Gari liko nyuma ya duka, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Sikuliuza wala sikulitengeneza. Na nawaambia, mwaniamini au hamniamini, huwa nalisikia. Mchana kweupe, kisiagi kimezimwa, hakuna upepo. Kwa-kwa-kwa-kwa. Naenda kutazama. Hakuna mtu. Boneti ni baridi. Lakini ile harufu ya mafuta ya taa ipo, na pipa la mafuta ya taa niliacha kuliweka dukani miaka mingi iliyopita!

Sasa tunakaribia mwaka wa elfu mbili, na watu makanisani wanahubiri kwamba dunia inaisha. Sijui kama inaisha. Lakini wiki iliyopita nilichoka. Nilipanda gari la abiria mpaka Ndhiwa, nikamkuta Ochola anafukuza ndege shambani. Amezeeka. Alinitolea kiti, yeye akakaa chini.

Nikamwambia yote. Pipa, jerikeni, bucha, kisiagi. Nilisema huku natazama miguu yangu. Nilipomaliza akaingia ndani ya nyumba, akarudi na kitu kwenye kitambaa. Ilikuwa ile plagi. Vile vitone bado viko kwenye ncha.

"Mafuta ya taa niliyanusa pale kwako, Ora," alisema. "Kabla hata hatujapanda. Nilisimama kwenye ule moshi nikiwaza nikuambie vipi."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikutoka vizuri, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuomba tuongeze supa. Ulisema tangi limejaa. Ningefanya nini? Nibishane na ndugu ya mke wangu, mke wangu anaumwa, na gari ni lako? Nilisema moyoni, labda litafika." Alitazama shamba lake. "Mimi pia nilinyamaza. Hiyo ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Lakini mtoto, huyo si wangu kumwambia. Nikisema mimi ataona najitetea. Umrudishe wewe."

Aliniwekea plagi mkononi, akarudi kufukuza ndege.

Basi, wasomaji wenzangu, nimesema. Mwenye gari la zamani, sikiliza: gari lile lilitengenezwa kwa mafuta yake. Lipe hayo. Kama huwezi, liegeshe, panda basi, hakuna aibu. Usichanganye kitu na kitu nyuma ya duka ukidhani chuma hakina akili. Na likigonga, simama!

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Wewe mzee mwenzangu, wewe uliyejitengeneza mwenyewe, ambaye nyumbani kwako hakuna anayethubutu kukuuliza swali... waache wakuulize. Mtu akikuuliza umeweka nini, mjibu. Anaweza kuwa ameshika maisha ya mtu unayempenda kuliko wote.

Nilipofika kwenye maneno haya, kalamu ilikuwa imesimama. Ilikuwa imesimama mara nyingi leo, tangu pale bucha, lakini kila mara ilirudi ikaandika. Nilikuwa nimesema mwanzoni kwamba mtu wa nyumbani kwangu ananiandikia. Ni Atieno. Sikuwa na nguvu ya kumwambia uso kwa uso. Nikamwambia nina habari ya kuandikia gazeti, alete daftari.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Nera, hiyo ya kumwaga mafuta kwenye kisiagi, niandike pia?" Nera ni mjomba kwa lugha yetu.

Nikasema andika.

Aliandika.

Hii mistari ya mwisho, tangu kalamu iliposimama, ni ya mkono wangu mwenyewe. Mtanisamehe herufi. Atieno ameweka kalamu juu ya daftari vizuri, akafunika kifuniko chake. Hakulia, hakunitukana. Ningependa anitukane. Amechukua sweta, na ile plagi iliyokuwa hapa mezani, akaifunga kwenye leso. Nimemuuliza anaenda wapi. Amesema anawahi gari la Ndhiwa.

Sikumwuliza kama atarudi.